Mizani Nane

Naandika nyuma ya risiti zilizoharibika
za ofisi ya maji, Chumbageni.
Mbele: jina la mteja, deni, tarehe.
Nyuma: vita.

Leo nimefika kwenye nyuki.
Kila aliyekulia Tanga anawajua:
Mwingereza kashuka na meli zake,
Mjerumani kamngoja minazini,
nyuki wakatoka, wasiulize nani wa nani.
Vitabu vimehesabu maiti, vimehesabu bunduki.
Mizinga ilikuwa ya nani?
Lugha yetu imewapa jina moja,
mzinga wa kuua na mzinga wa asali,
na wenye vitabu wameandika ule wa kwanza.
Lakini kuna mtu alipanda mti akautundika wa pili.
Kuna mtu alikuwa anangoja asali yake.

Basi nikambuni. Ushahidi sina, nina risiti tu.
Nikampa jina la bibi yangu, Mwanamkasi,
nikampa nyumba ya makuti huko Ngamiani
na uchungu wa kuzaa usiku uleule,
mkunga yuko ng'ambo ya milio, havuki,
naye kauma kanga, anahesabu kishindo
asijue kipi cha nje, kipi cha ndani yake.

"Alizaa nini?" anauliza Tunu kutoka kwenye beseni.
Sijaamua.
"Mama, povu! Povu jichoni!"
Historia ikasimama. Nikachota maji.

Mama yangu alikaa miaka kumi na mmoja bila mtoto.
Watu walisema alikwenda Amboni,
akaacha ubani na sarafu kwa mzimu, gizani,
akaomba kwa sauti ya mtu anayekopa unga.
Alikana mpaka anakufa.
"Mimi? Pangoni? Na presha hii?"
Lakini aliniita Sikudhani.
Na chini ya sanduku lake, kwenye bahasha ya nondo za kandili
(sijui kwa nini mtu anaweka nondo za kandili),
nilikuta tiketi ya basi la Amboni,
ya kwenda.
Ya kurudi sikuiona.

Kwa hiyo kila nikitaka kumwandika yeye
namwandika mbwa.
Yule wa hadithi, aliyeingia Amboni
akatokea Kilimanjaro, hakuna ajuaye alipita wapi.
Nimemtungia ubeti, wa vina na mizani,
kama tulivyofundishwa kwa fimbo:

*Aliingia pangoni, hakuna alomshika,*
*Hana taa mdomoni, mbele giza lafunika,*
*Akapita chini chini, milima akaivuka,*
*Kutokea barafuni,*

hapo nimekwama tangu Jumanne.
Nimejaribu *manyoya yameanguka*. Zimezidi mizani.
Nimejaribu *Mungu alimkumbuka*,
nikaona haya, nikaufuta.
Nausoma kwa sauti huku nasugua visigino
vyekundu kwa udongo wa shuleni,
nafika barafuni, nanyamaza.

"Mama, mbwa alichoka."

Nikahesabu kwa vidole vyenye sabuni.
Ma. Ma. M. Bwa. A. Li. Cho. Ka.
Nane. Na kina kimekaa.
Mwenyewe hajui alichofanya,
anadai taulo lenye samaki, si hili, lile.
Miaka yote ya kusimuliana habari za mbwa huyu,
tumebishana urefu wa pango,
tumebishana na wageni, na walimu wa jiografia,
hakuna aliyeuliza habari ya miguu yake.

Wala mimi sikumuuliza mama
jioni ile alirudije, na kama kulikuwa na jua,
na viatu gani alivaa.

Nikauandika upesi, maana maziwa yalikuwa yanapanda jikoni,
nyuma ya risiti ya Bwana Semkiwa,
anayedaiwa elfu nane na mia nne.
Niliporudi, tone la maji ya beseni
lilikuwa limekaa juu ya neno la kwanza
likayeyusha *ma* moja.

Zimebaki saba.
Nimeziacha hivyo.